Pedali Inayobonyea kama Sifongo: Chanzo Chake na Namna ya Kuitengeneza

Desemba inapokaribia, magari ya jamaa zetu wa Yeoville, Berea, Rosettenville na Mayfair huanza kuandaliwa kwa safari ya nyumbani. Matairi hubadilishwa, oili ya injini humwagwa na kutiwa mpya, keria hufungwa juu ya paa kwa ajili ya mizigo. Kitu kinachosahauliwa mara nyingi ni kimiminika kidogo, ambacho katika gari dogo hakizidi lita moja, na ambacho akiba yake hukaa ndani ya kichupa cha plastiki karibu na injini. Hayo ndiyo mafuta ya breki, na juu yake hutegemea uhai wa wote walioketi garini.

Makala haya yanahusu kasoro moja tu: pedali ya breki inayobonyea kama sifongo. Dereva hukanyaga akitazamia kukutana na ugumu, badala yake mguu unazama kana kwamba umekanyaga godoro. Wengi wanapoikuta kasoro hii hujifunza kuishi nayo. Huikanyaga pedali mara mbili tatu, ikapanda, gari likasimama. Na kesho hufanya vivyo hivyo. Baada ya mwezi mmoja utawasikia wakisema, "Gari langu ndivyo lilivyo, lina tabia ya kutaka kupigwapigwa breki." Ndugu msomaji, hiyo si tabia. Ni ugonjwa ambao bado uko katika hatua ya kutibika kwa gharama ndogo, na kuupigapiga ni kuuficha tu.

KWA NINI MAFUTA, NA SI HEWA

Katika karne ya 17 Mfaransa Blaise Pascal alieleza kwamba shinikizo linalotiwa katika kimiminika kilichofungiwa mahali huenea sawasawa pande zote. Breki za gari dogo zimejengwa juu ya kanuni hiyo. Unapokanyaga pedali, fimbo husukuma pistoni ndani ya silinda kuu, ambayo mafundi huiita masta silinda. Mafuta husukumwa kupitia paipu nyembamba za chuma na mipira hadi kwenye magurudumu. Mbele huzifanya pedi zibane diski. Nyuma, katika magari mengi tunayoyatumia hapa kama Toyota Tazz na Citi Golf, hupanua viatu vya breki vikabana ngoma kwa ndani.

Kimiminika kina sifa ambayo hewa haina: hakikubali kukandamizwa kikapungua. Jambo hili mzazi anaweza kulithibitisha mezani pamoja na watoto wake. Chukua bomba la plastiki lisilo na sindano, lile linalouzwa katika maduka ya dawa kwa ajili ya kumnywesha mtoto dawa ya kikohozi. Lijaze maji pasiwe na povu hata kidogo, ziba tundu kwa kidole gumba, kisha sukuma. Halisogei. Sasa mwaga maji, vuta hewa, ziba tena na usukume. Linaingia kwa urahisi, na ukiachia linarudi. Mwisho vuta maji nusu na hewa nusu, usukume tena. Hisia utakayoipata kidoleni katika jaribio hili la tatu ndiyo hiyo hiyo ambayo mguu huipata katika pedali laini. Sehemu ya nguvu yako haifiki kwenye gurudumu. Imepotea katika kukandamiza povu.

Kiasi kinachohitajika kuleta hatari ni kidogo mno. Tuchukue mfano wa silinda kuu yenye kipenyo cha milimita 20 na pistoni inayoweza kwenda milimita 30. Ikisukumwa hadi mwisho hutoa sentimita za ujazo 9 hivi za mafuta, yaani chini ya vijiko viwili vya chai. Hewa ya nusu kijiko ikijificha ndani ya paipu, zaidi ya robo ya mwendo huo huenda bure. Ikifika kijiko kizima, nusu ya mwendo imekwisha kabla pedi hazijabana sawasawa.

HEWA HUINGIAJE?

Mfumo wa breki umefungwa. Hewa ikionekana ndani, ipo njia iliyoingilia, na kuitoa bila kuitafuta njia hiyo ni kazi ya wiki mbili tu. Njia kuu ni tatu.

Ya kwanza ni uvujaji. Mpira uliopasuka, paipu iliyoliwa na kutu, au silinda ya gurudumu la nyuma ambayo raba zake zimechakaa huruhusu mafuta kutoka. Kichupa kikikauka, silinda kuu huanza kuvuta hewa.

Ya pili ni matengenezo yaliyofanywa nusu nusu. Kila paipu inapofunguliwa au kalipa inapong'olewa, hewa huingia, na ni lazima itolewe. Lipo kosa moja ambalo huwasumbua hata mafundi wenye uzoefu: kalipa ya kushoto kufungwa kulia na ya kulia kufungwa kushoto. Nati ya kutolea hewa, ambayo hupaswa kuwa juu, hujikuta iko chini, na kwa kuwa hewa hupanda, povu hubaki juu hata ukimwaga chupa kumi za mafuta. Ikiwa pedali ilianza kulegea siku gari lilipotoka gereji, angalia kwanza mahali zilipo nati hizo.

Ya tatu ni maji. Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu wa hewani, polepole, mwaka hadi mwaka, kupitia mipira na kifuniko. Unyevu huo hushusha kiwango cha joto ambacho mafuta huchemkia. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya haipaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishakuwa na maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa hushuka hadi 140. Aina ya DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa na maji. Breki za gari linaloteremka mlima mrefu zinaweza kufikia joto hilo. Mafuta yakichemka hutoa mvuke; mvuke ni gesi, na gesi hukandamizika. Ndiyo maana pedali ngumu kabisa asubuhi inaweza kuwa sifongo mchana katikati ya mteremko, bila tone lolote kuvuja. Watengenezaji wengi wa magari hushauri mafuta haya yabadilishwe yote kila baada ya miaka miwili, hata kama gari halikutembea sana.

PIMA KABLA YA KUNUNUA KIPURI

Fedha nyingi hupotea kwa kununua kipuri kisichohusika. Mtaa wa Jules, kuanzia Jeppestown hadi Malvern, una maduka tele ya magari na vipuri, na muuzaji atakuuzia chochote utakachomwambia. Kwa hiyo pima kwanza. Vipimo hivi havihitaji chombo chochote. Vifanye gari likiwa limesimama mahali tambarare.

Kipimo cha kwanza: zima injini, kanyaga pedali mara tano au sita ili kumaliza nguvu ya busta, kisha endelea kukanyaga taratibu. Ikiwa pedali inapanda na kuwa na nguvu zaidi kila unapokanyaga, lakini bado inabonyea kama mpira, kuna hewa ndani. Ikiwa inapanda na kuwa ngumu kama jiwe, yumkini viatu vya nyuma vimechakaa au vimekaa mbali na ngoma, vinahitaji kurekebishwa.

Kipimo cha pili: washa injini, kanyaga pedali kwa nguvu ya wastani na uishikilie hivyo kwa dakika moja. Pedali nzuri husimama pale pale. Ikiwa inazama polepole kuelekea sakafuni, mafuta yanatoroka mahali. Kagua kichupa. Kiwango kikipungua, kuna uvujaji wa nje. Chungulia ndani ya kila gurudumu na chini ya gari. Kiwango kikiwa hakipungui, raba za ndani za silinda kuu zimechoka, na mafuta yanapita pembeni ya pistoni. Ugonjwa huu hautibiwi kwa kutoa hewa. Silinda hubadilishwa.

Kipimo cha tatu: mtu mmoja akanyage pedali huku mwingine akiushika kila mpira wa breki kwa mkono. Mpira uliozeeka huvimba kama mshipa wa shingo, na uvimbe huo nao hula mwendo wa pedali. Wenye nyufa usisubiri uvimbe, ubadilishe.

Kipimo cha nne: tazama rangi ya mafuta. Yakiwa mapya huwa meupe au ya manjano hafifu. Yakiwa meusi kama chai ya rangi iliyokolea, yamezeeka, hata kama kichupa kimejaa.

Usichanganye kasoro hii na nyingine mbili. Pedali ikiwa ngumu kupita kiasi na gari linasimama kwa taabu, shaka iende kwa busta au mpira wake. Na pedali ikiwa ngumu, kuna harufu ya kuungua, lakini gari halipungui mwendo, pedi zenyewe zimepata joto likazizidi nguvu. Hapo simama, zipoe.

KAZI YA KUTOA HEWA

Baada ya kuziba njia ya hewa, kazi inayobaki ni kuitoa. Inahitaji watu wawili, spana ya pete inayoingia vizuri kwenye nati, mpira mwembamba wa plastiki unaopitisha mwanga, chupa ya kioo na mafuta mapya ambayo lakiri yake haijafunguliwa. Bei ya chupa ya nusu lita haifiki robo ya gharama ya kujaza tangi la petroli. Aina ya mafuta husomwa juu ya kifuniko cha kichupa. DOT 3 na DOT 4 zinaweza kuchanganyika. DOT 5, ambayo ni ya silikoni, haichanganyiki na hizo.

Weka gari mahali tambarare, zuia magurudumu kwa mawe au mbao, na kamwe usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Jaza kichupa. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Kwa magari yetu yenye usukani wa kulia, kwa kawaida huwa la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, na mwisho mbele kulia. Magari mengine yana mpangilio wake; kitabu cha gari kikisema tofauti, kifuate.

Safisha nati, vesha mpira, na tumbukiza ncha yake ya pili ndani ya mafuta kidogo yaliyo katika chupa. Aliye kwenye pedali husikiliza maneno matatu tu. "Kanyaga": anasukuma pedali polepole. "Shikilia": anaibana palepale huku aliye chini akilegeza nati robo ya mzunguko, mafuta na povu yatatoka, na pedali itashuka. Aliye chini anaifunga nati. Ndipo anaposema, "Achia." Mpangilio huu usivurugwe. Pedali ikiachiwa wakati nati iko wazi, hewa hufyonzwa upya na kazi yote huwa bure. Rudieni hadi mafuta yatoke safi bila povu, mkikagua kichupa kila baada ya mikanyago mitano. Kikikauka katikati, mnaanza upya.

Katika gari lililozeeka, weka kipande cha ubao chini ya pedali ili isifike sakafuni. Sehemu ya ndani ya silinda ambayo pistoni haijaifikia kwa miaka mingi huwa na kutu na ukwaruzo, na raba zikipita hapo huchanika. Wengi wameanza asubuhi wakitafuta hewa, wakamaliza jioni wakitafuta silinda mpya.

Mwishowe kaza nati zote, jaza kichupa hadi alama ya juu, washa injini na ukanyage. Pedali iwe imara, isizame. Kisha endesha mwendo wa mguu katika uwanja mtupu na ujaribu mara kadhaa kabla ya kuingia barabarani. Mafuta yaliyotoka usiyarudishe, wala usiyahifadhi katika chupa ya soda. Ni sumu, na mtoto hajui tofauti. Yakimwagikia rangi ya gari, yaoshe mara moja kwa maji mengi.

Yale magari yenye mfumo wa kompyuta wa kuzuia magurudumu yasijifunge huweza kuficha hewa ndani ya pampu yake, na kuitoa huhitaji chombo maalumu cha gereji. Ikiwa umefuata hatua zote na pedali bado ni laini, usione haya kumpelekea fundi. Breki si mahali pa kujifunzia ubishi.

DAWA ZA NJIANI ZINAZOUA

Wako madereva ambao mafuta yakiwaishia porini hutia maji, maji ya sabuni, au oili ya injini. Maji huchemka mapema na huleta kutu. Oili ya injini ni mbaya zaidi, kwa sababu raba za breki hutengenezwa zipatane na mafuta ya breki, si na oili ya petroli. Zikiguswa na oili hiyo huvimba na kulainika, na kuanzia hapo hakuna raba hata moja katika mfumo mzima unayoweza kuiamini. Chupa ndogo ya mafuta halisi chini ya kiti haichukui nafasi ya mzigo wa mtu.

MILIMA YA SAFARI ZETU

Johannesburg iko mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari. Maana yake ni kwamba karibu kila safari ndefu ya kutoka hapa ina mteremko mahali fulani. Anayekwenda Durban hukutana na Van Reenen, kisha mabonde ya Pietermaritzburg. Anayekwenda kaskazini huvuka milima ya Soutpansberg kabla ya Musina, na ndani ya Zimbabwe huteremka kutoka Makuti hadi Chirundu katika bonde la Zambezi. Wa Lubumbashi hupinda kuelekea Kasumbalesa. Wa Tanzania hupita Tunduma, na akielekea Dar es Salaam humngoja Kitonga, mkoani Iringa. Anayeendelea hadi Nairobi na magharibi yake anaijua Mai Mahiu.

Hebu tufanye hesabu ya darasani. Gari la kilo 1,500 pamoja na familia na mizigo, likiteremka mita 300 bila kuongeza mwendo, hutoa nishati inayotosha kuchemsha lita 13 hivi za maji ya baridi. Joto hilo lazima liende mahali. Sehemu huchukuliwa na upepo na injini, lakini dereva anayeshuka katika gia kubwa huku mguu wake umelala kwenye breki hulipeleka karibu lote kwenye diski na ngoma, na kutoka hapo kwenye mafuta. Ndiyo sababu ya ushauri wa wazee wa barabarani: shuka kwa gia ile ile ambayo ungeipandia mlima. Ingiza gia kabla mteremko haujaanza, acha injini ishike gari, na utumie breki kwa mikanyago mifupi yenye nguvu, ukiziachia zipoe.

Tarehe 5 Septemba 2013, katika mteremko wa Field's Hill karibu na Pinetown, lori kubwa lilishindwa kusimama likaparamia teksi za abiria na magari madogo kwenye makutano, na watu zaidi ya 20 walikufa. Breki za malori hutumia hewa iliyoshinikizwa, si mafuta, kwa hiyo kasoro zake si hizi tulizozieleza. Hata hivyo kanuni ya joto na mlima ni moja kwa wote.

PEDALI IKIZAMA UKIWA MWENDONI

Usizime injini, maana utapoteza msaada wa usukani na busta. Pigapiga pedali haraka. Hapa ndipo kupigapiga kunapokuwa na kazi yake. Shusha gia moja baada ya nyingine. Vuta breki ya mkono polepole huku umebonyeza kitufe chake, isije ikafunga magurudumu ya nyuma kwa ghafla. Washa taa za tahadhari, piga honi, na utafute njia ya kupanda au mchanga wa kando. Gari likisimama, usiendelee na safari hata kama pedali imerudi kuwa ngumu baada ya kupoa. Mvuke umegeuka kuwa maji tena, lakini maji yangali humo humo.

NANI HUKAGUA?

Chini ya Sheria ya Taifa ya Usafiri wa Barabarani, namba 93 ya 1996, gari la binafsi hapa Afrika Kusini kwa kawaida hudaiwa cheti cha ubora linapobadili mmiliki, na cheti hicho hudumu siku 60. Mabasi, teksi na malori hukaguliwa kwa vipindi. Lakini wewe uliyenunua gari lako miaka minane iliyopita na hujaliuza, yawezekana hakuna jicho la kisheria lililotazama breki zake tangu siku ile. Ukaguzi umebaki mikononi mwako, nawe mama unayewapeleka watoto wa majirani watatu shuleni kila asubuhi, umebaki mikononi mwako pia.

Tunajua kodi ya nyumba haingoji, karo haingoji, na waliobaki nyumbani wanatazamia kitu mwisho wa mwezi. Kwa hiyo breki huahirishwa. Lakini wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika jambo hili ukuta wenyewe haujengeki tena. Jumamosi moja kabla ya safari, majirani wawili wakisaidiana, mmoja kwenye pedali na mmoja kwenye nati, wanaweza kutengeneza magari yao yote mawili hadi adhuhuri. Ukate ukurasa huu, uuweke pamoja na kitabu cha gari, na kesho asubuhi, kabla ya kutoa gari nje ya geti, kanyaga pedali na uishikilie kwa dakika moja.

Tunawatakia safari njema, na marejeo mema.